Imma wa Antena na Mikono ya Becky

Hapa kwetu Elburgon, fundi akipanda juu ya paa lako, akishuka unamuuliza swali moja tu: umeongeza? Awe ni wa stima, wa maji au wa spika za kanisa, lazima ajibu kwamba ameongeza, la sivyo chai hapati. Immaculate Sitati, ambaye sisi sote tunamwita Imma wa Antena, ndiye fundi wa kwanza niliyemwona akitaka kupanda ngazi ili apunguze, na anasema hivyo mbele ya mteja bila aibu. Mimi mdomo wangu hauna breki, na siku aliponiambia hivyo niliutumia wote. Kwa hivyo leo ukinisikia nikimsifu, jua kwamba sisifu watu ovyo. Muulize hata pasta wetu.

Jina langu ni Rahab Waithera, lakini ukiulizia Rahab huku mtaani utapotea. Ulizia Mama Becky, yule wa kuuzia wapasuaji mbao chai na viazi karai. Nyumba yangu iko bondeni, nyuma ya yadi ya mbao ya Mzee Kahiga, mahali ambapo netiweki ya simu hufika ikiwa imechoka kabisa.

Imma si mtu wa hapa. Alizaliwa Nakuru mjini, kwenye zile nyumba za reli. Babu yake alitoka upande wa Bungoma akaja kufanya kazi ya reli, baba yake akazeekea kiwandani, na yeye akasomea ufundi wa elektroniki, akaanza kwa kupandisha antena za tivi huko mitaa ya Kaptembwo na Rhonda. Tivi za dijitali zilipoingia, mafundi wengi wa antena walikunja ngazi zao wakanunua bodaboda. Yeye alinunua bodaboda na ngazi akaifunga juu yake. "Hewa ni ile ile, Mama Becky," aliniambia. "Watu wamebadilisha tu kile wanachotuma."

Huku Elburgon aliletwa na kazi ya shule moja. Akaona mtaa mzima watu wanapanda kilima kutafuta mahali pa kupigia simu, akakaa. Aliomba kanisa letu nafasi kwenye mnara wa tangi la maji, akafunga hapo kisanduku chake cheupe cha waifai, na sisi wa chini tukaanza kununua kwake intaneti kidogo kidogo.

Usidhani ni malaika. Imma hajui saa. Akikuambia anakuja saa nne, wewe pika chakula cha mchana. Spana anazisahau kila nyumba, na chai yake ni sukari iliyotiwa maji. Tena ana sheria yake ya ajabu: mwenye kazi ndiye anayeshika ngazi. Hata uwe mzee wa kanisa, utasimama hapo chini kwenye matope ukishika ngazi, na yeye juu hana haraka.

Sasa nikuambie kwa nini waifai ilikuwa kitu kikubwa kwangu. Binti yangu Becky ni kiziwi tangu utotoni. Ishara zake za kwanza hakufunzwa shuleni, alifunzwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mpasuaji mbao. Kwa mashine za mbao hakuna mtu anayemsikia mwenzake, wanaongea kwa mikono: leta, simama, geuza, ondoa mguu. Mtoto alikuwa na hizo kabla hajaenda shule ya viziwi kuongezewa zingine, na mimi nikajifunza zote pamoja naye. Sasa ameolewa Gilgil na Travis, kijana wa kupaka nyumba rangi, mpole, naye pia kiziwi. Kila jioni tunaongea kwa simu ya video. Mimi naegemeza simu kwenye mkebe wa sukari ili mikono yangu yote miwili iwe huru, na tunapiga domo mpaka sufuria inaungua.

Becky alipopata mimba, ile simu ikawa kazi. Kule kliniki Gilgil manesi ni wazuri, lakini hakuna aliyejua ishara. Kuandikiana kwenye karatasi kunafaa mtu akiwa ametulia, si mtu anayeumwa. Kwa hivyo kila akienda kliniki alinipigia. Nesi anaongea, mimi namsikia, nampa Becky kwa mikono. Becky anajibu kwa mikono, mimi namwambia nesi kwa mdomo. Nesi mmoja anaitwa Wawira alizoea mpaka akawa ananisalimia kabla ya mgonjwa.

Utaniuliza kwa nini nisipande gari niende nikakae Gilgil. Ningeenda jana. Lakini mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi, yuko kitandani, na hakuna mwingine wa kumgeuza na kumlisha. Siku ya Becky kujifungua ikifika, mimi ningekuwa hapa kwangu bondeni, na simu ndiyo ingekuwa mdomo wa mtoto wangu na masikio yake. Hilo lilikuwa wazo langu nikilala na wazo langu nikiamka.

Basi mvua zilipoanza, zile simu zetu za video zikaharibika. Mistari ya waifai kwenye simu imejaa yote, Becky namwona vizuri, hata chunusi namhesabia. Lakini yeye ananiambia: Mama, mikono yako inaganda. Namrudia. Mama, umeganda tena. Mtu anayesikia, video ikiganda, anabaki na sauti. Becky video ikiganda, mimi nimenyamaza. Na alikuwa amebakisha wiki chache tu.

Nilimpigia Imma. Alikuja siku hiyo hiyo, akiwa amechelewa kama kawaida, na koti la mvua likidondosha maji kwenye sakafu yangu.

"Ongeza nguvu," nikamwambia kabla hajakaa.

"Mama Becky, wewe unamwona?"

"Namwona kama niko naye."

"Na yeye anakuona?"

"Ananiona kama picha ya kitambulisho."

Akacheka, akavuta kiti. "Basi shida si kukufikia, shida ni kukusikia. Kile kisanduku juu ya tangi kina mdomo na kina sikio. Mdomo uko sawa, ndiyo maana mistari imejaa. Lakini simu yako ni kitu kidogo, inanong'ona kutoka huku chini, na kisanduku hakiisikii. Nikiongeza nguvu, kisanduku kitapaza sauti, na simu yako itabaki kunong'ona vile vile. Utamwona Becky vizuri zaidi, na yeye hatakuona."

"Sasa?"

"Nataka nikiwekee antena ya nje. Antena nzuri inasaidia mdomo na inasaidia sikio. Lakini nikiiweka, lazima nishushe nguvu ya kisanduku."

Hapo ndipo nilipochemka. Nilimwambia mtoto wangu anakaribia kuzaa, na yeye ananiletea habari za kushusha. Nilimwambia kwamba Mzee Kahiga hapa juu amewekewa antena yenye urefu wa mtu na fundi wake amefungulia nguvu mpaka mwisho, na hakuna aliyemkamata. Nilimuuliza ni nani atatoka Nairobi aje kupima hewa ya bonde letu.

Imma aliningoja nimalize. Hicho ndicho kitu kinachoniudhi kwake hadi leo, kwamba anakungoja umalize. "Pengine hatakuja mtu," akasema. "Lakini sheria ya masafa ina kiwango chake, na haiangalii kisanduku peke yake, wala antena peke yake. Inaangalia kile kinachotoka kwenda hewani, vyote vikiwa pamoja. Antena ikikusanya sauti ikaielekeza upande mmoja, nguvu imeongezeka hata kama hujagusa kitu. Ndiyo maana unashusha huku ili jumla ikae pale pale. Sikio halipungui, Mama Becky. Hakuna sheria inayokataza mtu kusikia."

"Na ukipitisha kidogo tu? Siku hiyo moja?"

"Nikipitisha, intaneti ya shule pale itaanza kukatika, nao watapandisha nguvu yao. Dispensari itapandisha. Unakumbuka krusedi?"

Nilikumbuka. Desemba iliyopita makanisa mawili yalifanya krusedi yakiangaliana, barabara tu katikati. Huku wakaongeza spika, kule wakaongeza, huku wakakodi jenereta. Mpaka siku ya tatu hakuna aliyeweza kukuambia hata mstari mmoja wa mahubiri, na kichwa cha kila mtu kinagonga. Hiyo ndiyo Elburgon, hatujui kupunguza. Lakini sikumwambia Imma kwamba anasema kweli. Nilimwekea chai tu.

Namna anavyofanya kazi ni hivi. Hapandi ngazi kwanza. Alikaa chini ya mnara wa tangi kwenye kreti, kompyuta mapajani, mwavuli wangu juu yake, kimya kabisa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anasikiliza mtaa. Baadaye akatembea na simu mkononi kutoka kanisani hadi mlangoni kwangu, akirudi, akisimama, kama mtu aliyedondosha pete. Mwisho akasimama kwenye lango la Mzee Kahiga.

"Ni yeye," akasema. "Anapaza kwenye masafa yale yale tunayotumia. Hiki kisanduku chetu kinajaribu kusikia simu yako, na huyu anapiga kelele sikioni."

Nikakunja mikono ya sweta. Nilikuwa tayari kumpa mzee vidonge vyake. Imma akanishika bega akasema, "Niachie, mami."

Mzee Kahiga ni mtu mzima mwenye heshima zake, lakini mbao zake zimewahi kuibwa na hilo halijamtoka rohoni. Ndiyo maana alifungiwa kamera kila kona ya yadi, na ile antena ya kukusanya picha zake. Imma alimsalimia, akamuuliza kuhusu bei ya mbao za saiprasi, akakubali chai nyingine. Kisha akauliza kama kamera ya nyuma kabisa inamwonyesha vizuri.

"Hiyo ni shetani," Mzee akasema. "Inakuja inaenda. Fundi ameongeza mara tatu."

Akamruhusu Imma kufungua mipangilio. Imma akaangalia, akageuza kompyuta ili mzee aone. Fundi wake alikuwa amekiambia kisanduku cha mzee kwamba hakiko Kenya. Kuna mahali unachagua nchi, ili kisanduku kijue sheria ya pale kilipo kisipite kiwango. Jamaa alichagua nchi nyingine ya mbali, huko ambako kisanduku kinaachiliwa zaidi, halafu akaweka ile antena kubwa juu yake. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Yadi nzima ya mbao, mbwa na mlinzi vyote viko Elburgon, na kisanduku kiko ng'ambo.

Lakini mzee alikaa ngumu. "Msichana, ukipunguza hiyo kitu, mwizi ataingia hapa na mimi sioni. Siwezi."

Wakati huo wote mashine ilikuwa inapasua gogo, tunaongea kwa kupiga kelele. Imma akainama karibu na sikio lake. "Mzee, yule kijana yuko mwisho wa gogo kule. Ukitaka kusikia anasema nini, unapiga kelele zaidi?"

"Nitasikiaje? Nazima mashine."

"Basi nizimie kidogo. Kama kamera ya nyuma haitakuwa bora kuliko sasa, narudisha kila kitu vile kilikuwa, na sitakusumbua tena."

 Mzee akainua mkono, akaukata hewani, ile ishara ya mume wangu ya kusimamisha, na mashine ikanyamaza. Nadhani alitaka tu kufikiria vizuri. Lakini kwa ule ukimya akasema sawa, jaribu.

Imma akakirudisha kisanduku Kenya. Akashusha nguvu mpaka pale ambapo ikijumlishwa na ile antena inakaa ndani ya kiwango, akahamisha masafa, kisha akapanda akaielekeza antena yenyewe kwa kamera, maana ilikuwa inaangalia barabara. Ngazi ilishikwa na Mzee Kahiga mwenyewe, na kofia yake ya Jumapili kichwani. Aliposhuka, kamera ya nyuma ilikuwa imetulia. Ilionyesha mlinzi amelala juu ya machujo ya mbao mchana kweupe. Mzee akaondoka bila kuaga akaenda kumwamsha.

Baada ya hapo ndiyo tukaenda kwenye tangi. Zamu yangu ya kushika ngazi, na mvua imeanza tena. Antena aliyoleta ni bapa, kama sinia. Aliiinamisha kidogo iangalie chini kwetu bondeni, badala ya kurusha juu ya vichwa vyetu kwenda msituni. Kila maungio aliyazungushia utepe wa mpira, tena na tena, kwa subira ya mtu anayefunga kidonda. Waya aliuacha uninginie kama tumbo chini ya kisanduku, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya yakaingia ndani. Akashusha waya mwingine mpaka ardhini kwa ajili ya radi, maana radi za msitu wa Mau hazina mchezo.

Aliposhuka alikaa kwenye kreti yake akafanya hesabu: nguvu ya kisanduku, ongeza ya antena, toa ile inayopotea kwenye waya. Akashusha. Akahesabu tena, akashusha kidogo zaidi. Kisha akasema, "Lete simu yako, ile ile iliyopasuka kioo." Hapimi kwa simu yake, anasema simu yake ni nzuri mno, itamdanganya.

Tulipiga nikiwa jikoni. Mistari haikujaa kama zamani, na moyo wangu ukashuka. Becky akatokea. Nikamwuliza kwa mikono: unaniona? Akanikazia macho, kisha mikono yake ikaanza kuruka: Nakuona, na hicho kilemba ni kibaya, umekitoa wapi? Tuligombana kuhusu kilemba nusu saa nzima. Sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile.

Tangu hapo nimemtazama Imma kwa jicho lingine. Watu wanamfuata mpaka kanisani: niongezee bwana, jirani ananishinda. Wengine wanatafuta fundi mwingine wa kuwaongezea, na kazi anaikosa kweli. Anaumia, kwa sababu hana mshahara popote, lakini hanung'uniki mbele za watu. Anaeleza mara moja, polepole, kisha anamalizia chai yake. Akikubaliwa anafunga antena kana kwamba mpimaji yuko nyuma yake, na hakuna aliyewahi kuja kumpima. Nimeishi miaka mingi na watu wanaofanya vizuri wakiangaliwa. Huyu namheshimu.

Siku ya Becky ilifika Jumamosi asubuhi, mvua ikimwagika. Simu ikalia, ni Travis, macho yamemtoka. Nesi Wawira alikuwa amemruhusu aingie ndani ashike simu. Nikaegemeza yangu kwenye mkebe wa sukari, ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena, maana kila nikimjibu Becky nilikuwa nagonga meza. Mama mkwe chumbani anaita. Nilikaribia kulia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Imma. Alikuwa akipita kuangalia antena baada ya radi za usiku. Hakuuliza kitu. Alichukua simu akaisimamisha mbele yangu, usawa wa kifua, akawa ndiye mkebe wangu wa sukari. Travis huko anashika, Imma huku anashika, na katikati yao mimi na mtoto wangu.

Sitakusimulia yote, mengine ni ya wanawake. Nesi alisema pumua, nikampa pumua. Alisema usisukume bado, nikampa usisukume bado. Becky akaniambia anaogopa, nikamwambia nesi anaogopa, na nesi akampangusa uso. Becky akaniuliza kama nimeganda. Nikamwambia niko hapa. Imma alibadilisha mikono mara kwa mara, jasho linamtoka, lakini simu haikuyumba. Mara mbili nilimwona akiitazama ile mistari michache kwenye kona, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anaomba.

Kisha nesi akasema sasa, nami nikampa Becky sasa, kwa mikono yote, mpaka kiwiko kikagonga ukuta.

Nikasikia kwanza mimi, kwa ile spika ndogo ya simu iliyopasuka. Imma naye akasikia, akafumba macho. Mle chumbani Gilgil wawili tu ndio hawakusikia, nao ndio wazazi. Nesi alimwinua mtoto mbele ya Becky, mwekundu, mdomo wazi. Becky alimtazama ule mdomo, akanigeukia mimi haraka. Alikuwa amechoka hata mikono inashindwa kuinuka. Akaniuliza: Mama, analia?

Nikamjibu: Analia. Analia vibaya sana, amekasirika kama mimi shosho yake.

Becky akacheka huku machozi yakimshuka. Wakamlaza mtoto kifuani pake, naye akaweka kiganja chake juu ya kile kimgongo kidogo, akatulia, akausikia mlio kwa mkono. Akauchukua mkono wa Travis akauweka pale pia. Mimi nikashusha mikono, nikasimama tu nikiwatazama, na Imma akaendelea kushika simu.